Duka Dogo la Mtandaoni: Anzia Kwenye Malipo, Jukwaa Lifuate

Mtu akitaka kufungua duka la mtandaoni, huanza kwa kuuliza jina la jukwaa, yaani programu au huduma ya kuendeshea duka. Nichukue Shopify? WooCommerce? Au nibaki na WhatsApp? Swali ni zuri, lakini linakuja mapema. Majukwaa makubwa mengi yalitengenezwa na watu ambao wateja wao hulipa kwa kadi ya benki na hupokea mizigo kwenye nyumba yenye namba mlangoni. Mteja wako wa Mbagala, Moshi au Kisumu analipa kwa simu, na ukimuuliza anakaa wapi anakwambia, "Shuka Rangi Tatu, ukifika kwenye duka la dawa nipigie." Jukwaa lisiloyaweza mambo hayo mawili litakurudisha kwenye daftari na kalamu, hata liwe zuri kiasi gani machoni.

Kwa hiyo hapa tunaanza na pesa inavyoingia, kisha mzigo unavyotoka, na jina la jukwaa linakuja baadaye. Mfano nitakaoutumia ni duka dogo la Dar es Salaam linalouza kanga, vikoi na viungo: karafuu za Zanzibar, mdalasini na iliki za Tanga. Wateja wake wengi wako mjini, baadhi mikoani, na wachache ni ndugu walioko Muscat na London. Panapotofautiana na Kenya nitasema.

Hatua ya 1: Zisome oda zako za nyuma

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, chukua oda zako ishirini za mwisho. Zipo kwenye WhatsApp, kwenye jumbe za Instagram, au kwenye daftari la kaunta. Kwa kila oda andika mteja alikujuaje, aliuliza nini kabla ya kulipa, alilipa kwa mtandao gani, mzigo ulimfikiaje, na usumbufu ulikuwa wapi.

Karatasi hiyo itakwambia mengi kuliko mtu yeyote anayekuuzia huduma ya kutengeneza tovuti. Kama maswali mengi ni "bei gani?", "bado ipo?" na "rangi nyingine hamna?", unachohitaji ni katalogi iliyopangwa vizuri, na hiyo unaweza kuipata bure. Kama wateja wako wanapatana bei, na kwa kanga za jumla lazima wapatane, basi ukurasa wenye bei isiyobadilika na kitufe cha kulipia utawafukuza. Hao wanahitaji mazungumzo. Kama jioni unakesha ukilinganisha meseji za malipo na majina ya wateja, tatizo lako ni uthibitisho wa malipo, na hapo ndipo jukwaa la kulipia linaanza kuwa na maana. Kama umeshauza doti moja kwa watu wawili, tatizo ni hesabu ya stoo.

Na kama hujauza hata kimoja, uza kwanza. Duka la mtandaoni haliiti wateja lenyewe. Linawapokea wale waliokwisha kusikia habari zako kwingine.

Hatua ya 2: Amua pesa itaingiaje

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo maduka mengi madogo yanapokwama baada ya kulipia kila kitu kingine.

Njia ya kwanza ni namba ya malipo ya biashara: Tanzania tunaiita lipa namba, Kenya ni till. Haihitaji programu wala fundi. Unaiweka kwenye ukurasa, mteja analipa, jina la biashara yako linamtokea kabla hajaweka namba ya siri, naye anapata moyo kwamba hatumi pesa kwa mtu asiyemjua. Ndiyo maana nakushauri usiendelee kupokea malipo kwenye namba yako binafsi, hata kama umeizoea. Pesa ya duka na ya nyumbani zitachanganyika, na mteja mgeni atasita akiona jina la mtu badala ya jina la duka.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba wewe ndiye unayethibitisha. Meseji za uongo za malipo ni nyingi na zinafanana sana na za kweli, na skrinshoti inatengenezwa kwa dakika chache. Weka kanuni moja na usiivunje hata kwa mteja mwenye haraka: mzigo hautoki mpaka muamala uonekane kwenye akaunti yako mwenyewe, kupitia menyu au programu ya mtoa huduma. Kama una kijana anayekusaidia, mpe uwezo wa kuangalia miamala, la sivyo atalazimika kuamini picha anayotumiwa.

Njia ya pili ni ombi la malipo linalomfikia mteja kwenye simu yake. Anaandika namba kwenye duka lako, simu inamuonyesha kiasi na jina la biashara, anaweka namba ya siri, na duka linapata taarifa lenyewe kwamba oda imelipwa. Wakenya wanaijua kwa jina la STK push. Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 ili watengeneza programu waweze kuunganisha maduka na M-Pesa moja kwa moja, kwa hiyo mwenye Paybill au till anaweza kufika huko bila kupitia kwa mtu wa kati, akiwa na fundi anayejua kazi.

Tanzania hali ni tofauti. Wateja wamegawanyika: M-Pesa, Mixx by Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa, Airtel Money, HaloPesa. Kuunganisha kila mtandao peke yake ni kazi ya kampuni kubwa. Duka dogo linapita kwa kampuni ya kati kama Selcom, AzamPay, ClickPesa au Pesapal, unaingia mkataba mmoja na mitandao inakuja pamoja. Jiandae kudaiwa cheti cha usajili kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na kitambulisho. Kama biashara yako haijasajiliwa, anza huko, maana hilo ndilo litakalokuchelewesha kuliko kujenga duka lenyewe.

Ukiwapigia simu watu hao wa kati, waulize haya, na majibu uyapate kwa maandishi:

- Mitandao ipi imo kwenye mkataba, na ipi haimo?
- Makato ni asilimia ngapi, na yanamhusu nani, mimi au mteja?
- Pesa inaingia kwenye akaunti yangu baada ya siku ngapi, na kuna kiwango cha chini cha kutoa?
- Mteja akirudishiwa pesa, utaratibu ni upi, na makato ya awali yanarudi?
- Mna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya WooCommerce au ya Shopify iliyo tayari, au fundi wangu ataandika mwenyewe?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Jibu likiwa kwamba plagini ipo kwa WooCommerce tu, nusu ya uamuzi wako wa jukwaa umeshafanyika.

Njia ya tatu ni kadi, na hiyo ni kwa ajili ya ndugu wa London na Muscat. Hapa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi wazi: Shopify ina mfumo wake wa malipo, Shopify Payments, lakini haupatikani Tanzania wala Kenya. Itakubidi utumie kampuni ya nje kama Pesapal au DPO, na kwa kufanya hivyo Shopify inakutoza ada ya ziada kwa kila oda, asilimia 2 kwenye kifurushi cha Basic, juu ya makato ya kampuni yenyewe ya malipo. Oda zinazolipwa kwa njia za mkono, kama lipa namba uliyoiandika kwenye maelezo ya malipo au pesa taslimu wakati wa kupokea, hazitozwi ile asilimia 2. Basi wapo wanaotumia Shopify kama katalogi nzuri na kuendelea kuthibitisha malipo wenyewe. Inawezekana, ila jiulize kama unataka kulipia dola kila mwezi kisha kazi ya kukesha na meseji ibaki palepale.

Kuhusu kulipa wakati wa kupokea mzigo: linajenga imani, hasa kwa duka jipya, lakini bodaboda akifika na simu ya mteja imezimwa, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Katikati kuna njia ya haki: nauli ilipwe kwanza, bidhaa ilipwe mlangoni.

Hatua ya 3: Yajue majukwaa yalivyo

WhatsApp Business ni bure, ilitoka Januari 2018, na katalogi iliongezwa mwaka 2019. Inachukua bidhaa mpaka 500, inatosha kabisa kwa duka letu la kanga na viungo. Ina lebo za kupanga wateja kwa hali ya oda, majibu ya haraka, na ujumbe wa kumpokea mteja ukiwa umelala. Haiwezi kupokea malipo ndani yake kwa wateja wa Tanzania au Kenya, na haijui stoo yako imebaki na nini. Ukituma tangazo kwa orodha ya utangazaji, linawafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo waombe wateja waihifadhi tangu oda ya kwanza.

Hatari yake kubwa ni kuwa nyumba si yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takribani saa sita dunia nzima. Aliyekuwa na picha, bei na namba za wateja humo humo peke yake alifunga duka siku ile.

Masoko ya pamoja, yaani Jumia, Kilimall na Jiji, yanakupa wateja ambao hukuwatafuta wewe, ukiuza vitu ambavyo watu wanavitafuta kwa jina: simu, kava, vyombo vya jikoni. Kwa kanga na viungo ambavyo mteja ananunua kwa kumwamini muuzaji, faida inapungua, maana bidhaa yako inakaa kando ya ishirini zinazofanana nayo na bei ndiyo inayosema. Tena, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wauzaji waliokuwa wakiitegemea ikawabidi kutafuta kwingine kwa haraka. Tumia soko la pamoja kama meza ya pili. Meza ya kwanza iwe mahali unapowajua wateja wako kwa majina na namba.

Kisha kuna maduka ya kupangisha: Shopify ya Canada, Wix ya Israel, na mengine ya namna hiyo. Hapa ni kama kupanga fremu Kariakoo: umeme, mlinzi na paa ni juu ya mwenye jengo, wewe unaleta bidhaa na unalipa kodi kila mwezi. Usipolipa, mlango unafungwa. Shopify imefanya kazi yake vizuri sana. Mtu asiyejua chochote cha kompyuta anaweza kuwa na duka zuri kwa siku mbili, halianguki wateja wakijaa, na huhitaji kuhangaika na usalama wa seva, yaani kompyuta inayolihifadhi duka. Bei ya Marekani ya kifurushi cha Basic ni dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Angalia ile unayoonyeshwa ukiwa nchini kwako. Utailipa kwa kadi ya benki au kadi pepe, kwa hiyo hakikisha kila mwezi kadi ina salio. Kadi ikikataa na deni likakaa, duka linasimamishwa, na mteja akifungua haoni kitu.

La mwisho ni duka unalolimiliki: WooCommerce juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. WooCommerce ilizinduliwa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic, wenye WordPress.com. Programu yenyewe ni bure na msimbo wake uko wazi. Unacholipia ni nafasi kwenye seva, jina la domeni (anuani ya duka lako mtandaoni), na fundi. PrestaShop ya Ufaransa na OpenCart zinafanya kazi ya namna hiyo hiyo, lakini kwa Afrika Mashariki nakuelekeza WooCommerce kwa sababu moja ya kawaida sana: mafundi wanaoijua wapo kila mji, na kampuni za malipo za hapa huitengenezea plagini mapema. Fundi wako akihama au akinyamaza, utampata mwingine.

Gharama yake isiyoandikwa kwenye ankara ni matunzo. WordPress, WooCommerce, muonekano na kila plagini vinahitaji kusasishwa, na nakala ya akiba ya duka lote ichukuliwe angalau kila wiki na kuhifadhiwa nje ya seva ileile. Duka la WooCommerce lisiloguswa mwaka mzima ni duka linalosubiri kudukuliwa. Kama hakuna mtu wa kufanya kazi hiyo, wewe mwenyewe au fundi mwenye makubaliano ya kila mwezi, usilichukue.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa mauzo yako

Tuseme duka letu linapata oda 30 kwa mwezi, wastani wa shilingi 40,000 kila moja. Mauzo ni 1,200,000, na tuseme faida kabla ya gharama za mtandaoni ni robo, yaani 300,000. Dola tuihesabu kwa shilingi 2,500, na makato ya kampuni ya malipo tuyakadirie asilimia 3.

Shopify: kodi 97,500, ada ya asilimia 2 ni 24,000, makato ya malipo 36,000. Jumla 157,500. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda.

WooCommerce: tuseme seva 20,000, domeni 2,500 kwa mwezi, makato 36,000, na ujenzi wa 600,000 uliogawanywa kwa miezi 24 ni 25,000. Jumla 83,500, bila kuhesabu fundi wa matunzo.

WhatsApp na lipa namba: gharama ya pesa ni ndogo sana, lakini kila oda ikikula dakika 20 za maelezo, uthibitisho na kuandika, ni saa 10 kwa mwezi. Saa 10 unaziweza.

Sasa ziweke oda 300. WhatsApp inadai saa 100, na hapo ama unaajiri ama unaanza kukosea. Shopify inafika 697,500, lakini faida sasa ni milioni 3. WooCommerce, hata ukihamia seva kubwa ya 60,000, inakuwa kama 447,500. Tofauti ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Kama kwa kiasi hicho unaweza kumpata fundi mwaminifu wa kulitunza duka, WooCommerce inakufaa. Kama huna fundi unayemwamini, tofauti hiyo ni bei ya usingizi wako, na si bei mbaya.

Badilisha namba zangu uweke zako. Cha kuangalia ni sehemu gani ya faida inaliwa, na saa zako zinakwenda wapi.

Hatua ya 5: Mzigo na fomu ya oda

Fungua ukurasa wa malipo wa jukwaa unalolifikiria na usome fomu kwa macho ya mteja wa Singida. Utakuta inadai jina la kampuni, mtaa, namba ya posta, barua pepe. Ondoa au usilazimishe yote usiyoyahitaji. Lazimisha namba ya simu, na ongeza nafasi moja ya maneno huru: alama ya karibu, kituo cha daladala, jina la stendi. Kwenye WooCommerce haya yanabadilishwa kwa plagini ndogo ya kuhariri fomu. Kwenye Shopify uhuru ni mdogo zaidi, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa.

Nauli za ndani ya jiji ndizo zinazowasumbua watu wengi. Mifumo hii hupanga maeneo kwa nchi, mkoa au namba ya posta, na kwa Dar es Salaam hiyo haitoshi, maana kwenda Ilala na kwenda Kigamboni si nauli moja. Njia rahisi ni kuunda viwango kadhaa ndani ya eneo moja na kuvipa majina ya watu wanavyosema: "Kariakoo na Ilala", "Kinondoni mpaka Mwenge", "Kigamboni", "Basi la mkoani, nauli ya mzigo unalipia unapopokea". Mteja anachagua mwenyewe. Kwa wa mikoani, ukishakabidhi mzigo Kituo cha Magufuli au ofisi ya basi, mtumie picha ya risiti, namba ya basi na simu ya wakala wa huko mzigo unakokwenda. Kwa Kenya kuna ofisi za mizigo za kampuni za matatu na huduma kama Pickup Mtaani, ambapo mteja anachukua mzigo kwenye duka la jirani. Kwa nchi za nje, usiifungue nchi yoyote kwenye fomu kabla hujauliza masharti yake kuhusu viungo na mazao makavu.

Usitegemee barua pepe kumpa mteja taarifa. Karibu kila mwenye simu ya Android ana anuani ya barua pepe, lakini wengi hawaifungui. Taarifa ya oda iende kwa SMS au WhatsApp. Beem ya Tanzania na Africa's Talking ya Kenya zinauza huduma hiyo ya SMS.

Na kitu kimoja cha ndani ya WooCommerce ambacho mafundi wengi hawakigusi: kwenye mipangilio ya stoo kuna muda wa kushikilia bidhaa kwa oda ambayo haijalipwa, na kwa kawaida umewekwa dakika 60. Ukipita, oda inafutwa. Mteja aliyesema "ngoja nikaweke pesa kwa wakala" akirudi baada ya saa mbili anakuta hana oda. Ongeza muda huo. Oda za njia ya kuhamisha pesa benki hazifutwi hivyo, zinasubiri zikiwa zimeshikilia bidhaa, na ndiyo maana wengi huibadilisha jina njia hiyo na kuandika lipa namba yao hapo. Ila basi pita kila jioni kufuta mwenyewe zile ambazo hazikulipwa, la sivyo stoo itasema kanga zimekwisha na bado zimejaa kabatini.

Hatua ya 6: Hakikisha unaweza kuondoka

Domeni isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe yako na simu yako. Domeni za .tz na za .ke unazinunua kupitia wakala aliyesajiliwa. Usikubali fundi akusajilie kwa jina lake "ili iwe rahisi". Siku mkikosana, jina ambalo wateja wamelizoea litakuwa mikononi mwake, na kulirudisha ni safari ndefu. Vivyo hivyo akaunti ya seva, akaunti ya Shopify, na mkataba wa malipo: mwenye akaunti ni wewe, fundi anapewa ruhusa ya kuingia.

Kisha ujaribu kutoa data. WooCommerce na Shopify zote mbili zinatoa orodha ya bidhaa kama faili la CSV linalofunguka kwenye Excel. Fanya zoezi hilo wiki ya kwanza, siyo siku ya kuhama. Ukibaki WhatsApp, weka orodha yako nje ya simu: jina la bidhaa, bei, idadi, picha kwenye folda, na wateja na namba zao. Simu inaibiwa.

Orodha ya wateja ni dhamana pia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kusanya unachohitaji kupeleka mzigo, usiigawe namba ya mteja kwa mtu mwingine, na mteja akiomba aondolewe, mwondoe.

Hatua ya 7: Jaribu kwa simu ya bei nafuu

Usikague duka kwa kompyuta ya fundi yenye intaneti ya ofisini. Azima simu ya kawaida, tumia bando, zima Wi-Fi, kisha nunua kitu. Ukurasa ukichelewa, tatizo huwa ni picha: zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1,000 hivi na uzito usiozidi kilobaiti 150. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Ukurasa mwepesi ndio wenye nafasi ya kufunguka siku kama hiyo.

Soma kila neno analoliona mteja. Utakuta vitufe vya Kiingereza katikati ya maelezo ya Kiswahili. Kwenye WooCommerce plagini ya Loco Translate inakuruhusu kuandika maneno yako, na Shopify ina sehemu ya kuhariri maneno ya muonekano. "Weka kikapuni", "Kamilisha oda", "Lipa sasa". Bei ziwe za shilingi bila senti. Sehemu ya desimali iweke sifuri.

Halafu jaribu malipo kwa namna zote ambazo mambo huharibika. Weka bidhaa ya majaribio ya shilingi 1,000. Lipa vizuri. Kisha kataa ombi. Kosea namba ya siri. Lipa kwa laini isiyo na salio. Acha ombi lipite muda wake bila kuligusa. Zima simu katikati. Kila mara angalia oda imeandikwa hali gani, stoo imepungua au la, na mteja ameambiwa nini. Rudia kwa kila mtandao uliomo kwenye mkataba wako, maana mmoja unaweza kufanya kazi na mwingine ukakwama. Mwisho rudisha ile shilingi 1,000 uone inachukua muda gani kumfikia mteja.

Basi uchague lipi?

Kwa duka letu la kanga na viungo lenye oda 30, jibu langu ni WhatsApp Business, lipa namba ya biashara, na domeni iliyonunuliwa mapema ikielekezwa kwenye katalogi. Haina aibu yoyote, na pesa inayobaki inanunua bidhaa. Oda zikikaribia mia na uthibitisho wa malipo ukianza kula jioni zako, jenga WooCommerce yenye malipo ya simu kupitia kampuni ya kati, mradi una mtu wa kuitunza. Shopify naichagua kwa duka ambalo wateja wake wengi wako nje na wanalipa kwa kadi, au ambalo mwenye nalo hana fundi wala muda na faida yake inaibeba kodi ya dola bila kuyumba.

Ukihama, usifunge la zamani siku hiyo hiyo. Acha WhatsApp ipokee oda kama kawaida kwa mwezi mzima, na kila anayeagiza mtumie kiungo cha bidhaa aliyoiulizia, siyo cha ukurasa wa mwanzo. Mwezi ukiisha, angalia oda zilizoachwa njiani kwenye duka jipya zimeishia hatua gani. Wakiishia kwenye nauli, rekebisha viwango vyako. Wakiishia kwenye malipo, wapigie watatu kati yao uwaulize simu zao zilionyesha nini, kisha uipigie kampuni ya malipo ukiwa na saa na namba za miamala hiyo mkononi.